Kodi Ndogo, Nauli Kubwa: Kabla Hujahamia Pembezoni mwa Dar

Dalali wa nyumba Dar es Salaam huanza na swali moja: bajeti yako ya kodi ni shilingi ngapi? Sijapata kusikia dalali anayeuliza bajeti ya nauli. Na mpangaji mwenyewe hajiulizi. Kodi hulipwa kwa mkupuo, miezi mitatu au sita, na juu yake mwezi mmoja wa dalali, kwa hiyo inauma na inakumbukwa. Nauli inatoka kidogo kidogo, mia sita hapa, elfu moja pale, asubuhi na jioni, haina mkataba wala risiti. Ndiyo maana mtu anaweza kuhama Sinza kwenda Mbezi ya ndani ili "apunguze gharama", na baada ya mwaka akashangaa kwa nini mshahara unaisha tarehe ileile.

Tupige hesabu. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano, weka vyako mahali pake. Tuseme kuna chumba na sebule karibu na Kimara, unafika kituoni kwa miguu, kodi shilingi 150,000 kwa mwezi. Kipo kingine cha ukubwa uleule ndani ya Mbezi, upande wa Makabe au Msakuzi, kodi 90,000. Mpangaji anafanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi.

Wa Kimara anapanda basi moja. Tuliwekee 1,000 kwa safari, kwenda na kurudi 2,000, kwa mwezi 52,000. Jumlisha kodi: 202,000. Wa Makabe anatoka nyumbani kwa bajaji au boda 1,000 hadi barabara kubwa, anapanda gari la 600 hadi Kimara, kisha basi la 1,000 hadi mjini. Hiyo ni 2,600 kwa safari, 5,200 kwa siku, 135,200 kwa mwezi. Jumlisha kodi yake ya 90,000: inakuwa 225,200. Nyumba ya bei nafuu imeizidi ya bei ghali kwa zaidi ya elfu ishirini, na bado hatujahesabu saa anazopoteza.

Wakiwa wawili wanaokwenda mjini, mume na mke, pengo linapanuka vibaya. Kimara watatumia 254,000, Makabe 360,400. Lakini yule anayeuza dukani kwake hapohapo mtaani Makabe, au fundi ambaye wateja wake wako Mbezi, yeye amepata nyumba ya nafuu kweli, maana safari ya mjini ni ya mara mojamoja.

Sasa rudi kwenye hesabu ya Makabe uondoe kitu kimoja tu: bajaji. Tuseme mtaa una barabara nzuri na taa, daladala zinaingia hadi karibu, au njia inapitika kwa miguu hata mvua ikinyesha. Shilingi 52,000 zinafutika, na jumla inashuka hadi 173,200. Makabe imeishinda Kimara. Yaani uamuzi wote ulikuwa umekaa kwenye kile kipande cha mwisho, kilomita mbili au tatu za vumbi kati ya barabara kubwa na mlango wa nyumba. Kipande hicho hakina waziri wa kukikatia utepe, lakini kinakula pesa sawa na safari ndefu ya basi kutoka Kimara hadi mjini.

Hili ndilo jambo la kwanza la kujua unaposoma mipango ya usafiri ya jiji. Picha zinazowekwa mbele ni za madaraja ya juu na mabasi marefu. Kwa mfuko wa mpangaji, mradi wa lami ya mtaani una faida ya haraka zaidi. Mradi wa DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitengeneza barabara za namna hiyo katika manispaa za jiji, pamoja na mifereji na taa. Lami ikifika, bajaji huanza kuchukua abiria kwa kuchangia, daladala ndogo hufuata, na nauli ya kipande cha mwisho hushuka. Kodi nayo hupanda, tusidanganyane, lakini hupanda polepole kwa sababu wapangaji waliopo wana mikataba.

Tangu Julai 2017 barabara za aina hii ziko chini ya TARURA, si halmashauri. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Ruti na nauli hupangwa na LATRA, na mabasi yaendayo haraka yana wakala wake, DART. Mpango kabambe na vibali vya ujenzi vimebaki manispaa. Kwa hiyo ukienda kuuliza ofisi moja "barabara yetu lini?", usishangae ukielekezwa ofisi nyingine. Jiji la Dar es Salaam limekuwa na mipango kabambe ya mwaka 1949, 1968 na 1979, halafu likakaa miongo kadhaa likikua bila mpango mpya hadi ulipoandaliwa ule wa 2016 hadi 2036. Mitaa mingi tunayoishi ilizaliwa katikati ya pengo hilo, na ndiyo sababu barabara zake zina upana wa mkokoteni.

Nauli za daladala zina mipaka ya kisheria. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilipandisha safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki na 200 yake. Lakini abiria wa jiji hili anajua kwamba nauli iliyobandikwa mlangoni si lazima iwe ndiyo anayolipa. Jioni pale Kariakoo, anayetaka siti hupanda gari linaloelekea upande usio wake, analipa, anakwenda nalo hadi mwisho wa ruti na kugeuza nalo. Amelipa nauli mbili kwa safari moja ili asisimame saa moja na nusu. Kuna na gari linalokatisha ruti: limeandikwa Mbezi, linaishia Kimara, konda anasema "mwisho wa gari", na abiria anaingia mfukoni tena. Kukatisha ruti ni kosa, na faini yake ipo, ila jioni saa moja askari ni wachache kuliko makonda.

Kwa mzazi, ile 200 ya mwanafunzi inapendeza kwenye karatasi. Kituoni mtoto mwenye sare husubiri magari manne ndipo moja likubali wawili watatu. Ukihamia mbali na shule, panga kwamba siku nyingine utamlipia bajaji.

Tuje kwenye mpango mkubwa wenyewe. Wazo la mabasi yaendayo haraka, au mwendokasi, lilianzia Halmashauri ya Jiji miaka ya mwanzo ya 2000. Wakala wa DART uliundwa 2007. Mabasi ya kwanza yakaanza kubeba abiria Mei 2016, kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, njia ya takriban kilomita 21, nauli ya njia kuu ikiwa 650. Mtoto aliyezaliwa wazo likiwa jipya alikuwa sekondari basi la kwanza lilipopita. Halmashauri ya Jiji iliyoanzisha wazo hilo yenyewe haipo tena kwa sura ile: ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Mpango umeishi kuliko waliouchora.

Na ulipofika, ulifanya kazi. Safari ya Kimara hadi Kivukoni, iliyokuwa ikila saa mbili kwenye foleni, ilishuka hadi dakika 45 hivi. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tatizo lilikuwa kwenye idadi. Awamu ya kwanza ilipigiwa hesabu ya mabasi 305. Huduma ilianza na 140, baadaye yakaongezwa 70, na mengine ya awali yakazidi kuchakaa. Mwaka 2018 mafuriko ya Mto Msimbazi yaliingia kwenye karakana ya Jangwani na kuharibu mabasi kadhaa. Barabara yenyewe ikawa inafungwa pale Jangwani kila mvua kubwa inapopiga. Matokeo yake ni ule umati wa Kimara asubuhi, watu wameshika kadi, basi linapita limejaa. Kisha vurugu za uchaguzi za Oktoba 2025 zikaharibu vituo na kusimamisha huduma.

Mbagala ni somo kubwa zaidi. Awamu ya pili, kilomita 20 hivi kupitia Barabara ya Kilwa, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilianza kujengwa 2019. Zege likakauka, vituo vikasimama, vikapakwa rangi. Abiria wakaendelea kugombea daladala pembeni ya barabara safi isiyo na basi, bodaboda zikijipitisha humo kwa raha zao. Mabasi yalifika mwaka 2025. Muda wote huo kuna watu waliokwisha kulipa: wale waliopanga au kununua kando ya njia kwa bei ya "mwendokasi inakuja". Mwenye nyumba alianza kutoza huduma kabla haijafika. Hilo ndilo ningependa msomaji alikatae. Zege si usafiri. Basi linalokuja kila dakika chache ndilo usafiri, na kama halipo, nyumba ya Mbagala Rangi Tatu iliyo mbele ya kituo kitupu ina thamani ya nyumba yoyote ya Mbagala Rangi Tatu.

Kanuni hiyo ihamishie Gongo la Mboto, awamu ya tatu kwa Barabara ya Nyerere, na Tegeta, awamu ya nne kwa Barabara ya Bagamoyo. Ramani nzima ya DART ina awamu sita na kilomita zaidi ya 130. Mpangaji wa mkataba wa mwaka mmoja hana sababu ya kulipia awamu ambayo hajaiona ikibeba watu. Tena kipindi cha ujenzi ndicho kibaya kuliko vyote: barabara imebanwa, vumbi, mchepuko, foleni mara mbili. Mwenye nyumba aliye kando ya ujenzi anastahili kuombwa apunguze, na wengi hupunguza ukiwa na ujasiri wa kutaja.

Gongo la Mboto ina kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: reli. Treni ya mjini, ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilianza Oktoba 2012, upande wa TAZARA na upande wa Reli ya Kati kwenda Ubungo Maziwa, baadaye Pugu. Haijui foleni. Ila inakwenda asubuhi na jioni tu, kwa hiyo inamfaa mwenye saa za ofisi, haimfai mhudumu wa hoteli wala mlinzi. Kama unapanga nyumba kwa kuitegemea, nenda kasimame stesheni siku mbili za kazi ujionee inakuja saa ngapi. Ratiba ya ukutani usiiamini peke yake.

Kigamboni ni hesabu ya aina yake. Pantoni humvusha mwenda kwa miguu kwa shilingi 200, na ukishuka uko Posta. Hakuna nauli ya bei hiyo inayokufikisha katikati ya mji. Kwa anayefanya kazi Posta au Kivukoni na anayeishi umbali wa kutembea kutoka Feri, Kigamboni inashinda karibu kila kona ya jiji. Lakini pantoni ni vyombo vichache, na MV Magogoni ilipopelekwa Mombasa kwa matengenezo mwaka 2023 abiria walijua maana ya foleni ya majini. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, liliwapa njia ya pili kupitia Kurasini. Mwenye gari analipa tozo, mwenda kwa miguu hupita bure. Ukienda ndani zaidi, Kibada, Mjimwema, Kisiwani, ile 200 inamezwa na daladala na boda za kukufikisha Feri, na unarudi kwenye hesabu ya Makabe.

Wengine watasema suluhisho ni kununua usafiri wako. Chukua gari dogo la mkopo wa kazini, IST au Passo, safari ya kilomita 40 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa foleni za Dar tulihesabie kilomita 10 kwa lita, na mafuta tuweke 3,000 kwa lita, ingawa EWURA hubadilisha bei kikomo kila mwezi. Kwa siku 26 ni lita 104, shilingi 312,000. Hapo hujalipa bima, maegesho, tairi, wala fundi. Gari la mtu mmoja linakula zaidi ya kodi mbili za mfano wetu wa kwanza. Likibeba wanne wanaochangia, kila mmoja 78,000, mambo yanabadilika, na si ajabu kuona siku hizi majirani wa Goba na Madale wakijipanga hivyo bila mwongozo wa halmashauri yoyote.

Pikipiki yako mwenyewe, kwa umbali uleule na kilomita 40 kwa lita, inatumia lita 26, yaani 78,000 bila kuchangia na mtu. Kwa fedha tupu imeshinda njia zote za mtu wa Makabe anayelipa bajaji. Siipendekezi kwa Barabara ya Morogoro. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zinawajua vizuri wapanda pikipiki, na siku moja ya mguu uliovunjika inafuta akiba ya miaka. Kwa safari ya kutoka Makabe hadi kituoni, na kuiegesha kwa mlinzi, hapo ninaielewa.

Anayenunua kiwanja ana hesabu tofauti na mpangaji, maana atakaa miaka 20 na mpango wa miaka 20 unamhusu. Yeye ana haki ya kuthamini njia ambayo bado haijajengwa, mradi asiilipie yote leo. Watu walionunua Mbezi Luis kabla ya kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kuhamishiwa huko kutoka Ubungo mwaka 2021 walipata thamani ambayo hawakuilipia. Upande wa pili wa shilingi hiyo ni mkazi wa Mbagala, ambaye safari ya kwenda Moshi sasa inaanza na kulivuka jiji zima usiku wa manane.

Lakini mnunuzi ana hatari ambayo mpangaji hana. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kwenye Barabara ya Morogoro hifadhi ilikuwa pana zaidi ya hapo, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi, zikiwamo za watu waliokuwa wamekaa miaka mingi. Ukiona ukutani X nyekundu, ina maana nyumba imeingia ndani ya hifadhi na haidai fidia. X ya kijani ni ya aliyekutwa na sheria mpya, na yeye anastahili kulipwa. Kiwanja kilicho "barabarani kabisa", kama madalali wanavyopenda kusema, ndicho cha kukipima kwa futi kamba kabla ya kutoa hata senti. Nenda TANROADS mkoa na idara ya mipango miji ya manispaa na mchoro mkononi. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha nani anauza, haithibitishi kwamba barabara haitapita hapo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mpangaji asiye na gari, anayekwenda mjini kila siku, achukue nyumba ndogo iliyo dakika 15 kwa miguu kutoka barabara yenye aina mbili za usafiri, hata kama kodi iko juu kwa elfu hamsini. Kimara na Ubungo zinafaa kwa sababu mwendokasi ikikwama daladala zipo. Feri ya Kigamboni inafaa kwa wa Posta tu. Mbagala sasa inafaa kwa wa Kariakoo na Gerezani, ukishajionea mwenyewe mabasi yanakuja mfululizo saa 12 asubuhi na si wakati wa mchana. Gongo la Mboto na Tegeta zinamfaa ambaye tayari ana kazi upande huo. Mbezi ya ndani, Goba, Chanika na Kibada ni za anayejenga au anayefanya kazi karibu na nyumbani, na kama lazima upange huko, kodi isizidi nusu ya ile ya barabarani.

Na mkitaka kufuatilia mipango hii, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Kabla havijakaa mwonane na diwani wenu, na mkipata nafasi msimuulize barabara itajengwa lini. Muulizeni yatapita mabasi mangapi kwa saa, na lami ya mtaa wenu imewekewa shilingi ngapi katika bajeti ya mwaka huu.